Taji la Harusi Katika Nchi Isiyo na Mfalme

Synneva alimsingizia dada yake. Kosa ni hilo, na halina haja ya kuzungushwa. Alhamisi moja ya mwezi wa sita, siku mbili kabla ya harusi ya Herborg, alimwendea mama yao jikoni akamwambia kwamba Herborg amekwisha kulala na mchumba wake Mons, na kwamba yeye Synneva amewaona kwa macho yake kwenye dari ya ghala, wasichana walipolala kiangazi. Hakuona kitu. Mons alipanda darini kama vijana wote wa bonde lile walivyopanda siku za Jumamosi kuwaona wachumba wao. Alikaa juu ya kifuniko cha sanduku na viatu vyake miguuni, akatafuna mkate mkavu, akazungumza habari za kondoo, akashuka. Lakini uongo hauhitaji miguu mirefu kama njia yenyewe ni fupi, na kutoka mdomoni mwa Synneva hadi sikioni mwa mama ilikuwa hatua tatu.

Mama yao, Durdei wa shamba la Lid, ndiye aliyekuwa mpambaji wa maharusi katika usharika mzima wa Strandvoll, pale ghuba inapopinda chini ya milima. Ndiye aliyekuwa na taji. Lilikuwa la fedha iliyopakwa dhahabu, refu kiasi cha shubiri, na pembeni vilining'inia vijani vidogo vya fedha vilivyolia bibi harusi alipotembea, kama matone ya mvua yakianguka ndooni. Kila mwali wa Strandvoll, awe wa shamba kubwa au mtoto wa kibarua, alivikwa taji lile lile. Sharti lilikuwa moja, awe amejitunza. Aliyekwisha kumjua mwanamume alikwenda kanisani na kitambaa cheupe kichwani kama wake za watu, na walioalikwa wakatazama ncha za viatu vyao.

Palikuwa na sharti jingine, la nyumba ya Durdei peke yake. Binti atakayekuwa wa kwanza kulivaa taji mbele ya madhabahu ndiye angelirithi, pamoja na sanduku lake na kazi ya upambaji.

Sasa mtu ajumlishe mwenyewe. Herborg alikuwa na miaka ishirini na mitatu, Synneva kumi na tisa. Herborg alikuwa amemshikia mama yake pini na utepe tangu akiwa na miaka kumi na miwili. Alijua kusuka nywele zikabana mpaka ngozi ya kipaji ikavutika, maana nywele zikilegea taji linainama, na taji likiinama kanisani ndoa hiyo watu huiwekea alama ya nuksi. Synneva alijua kujitazama kwenye kioo cha sanduku.

Durdei hakuuliza mara mbili. Hata mara moja hakuuliza. Aliifungua ile kamba ya kupimia vichwa, kamba ya sufu nyekundu yenye fundo moja kwa kila bibi harusi aliyepambwa na nyumba ile, akatafuta fundo la Herborg alilokuwa amelifunga Jumapili, akalifungua kwa meno.

"Mama, ni uongo," Herborg alisema.

"Taji halijibizani na mtu," Durdei akasema. "Kalete kitambaa."

Harusi ilikuwa mwezi wa sita. Gyrid, mtoto wa kwanza wa Herborg, alizaliwa mwezi wa nne mwaka uliofuata. Siku ya ubatizo, wanawake wa Strandvoll walihesabu kwa vidole chini ya shali zao, kila mmoja kivyake, na wote wakafika miezi kumi. Wakatazamana. Kisha wakauliza kama kuna kahawa zaidi. Durdei akamchukua mjukuu, akamgeuza huku na huku, akasema, "Ana masikio ya Mons," akamrudisha. Ndiyo yote aliyoyasema mpaka anakufa. Synneva alikuwa amekaa karibu na jiko, anakula keki. Naye vidole kumi anavyo.

Mwaka uliofuata aliolewa yeye, na taji kichwani.

*

Watu husema wivu ni ugonjwa wa mwenye nacho kidogo. Waseme. Herborg hakumwonea Synneva gere kwa shamba lake, ingawa lilikuwa zuri na lenye miti ya matofaa mpaka majini. Hakumwonea gere kwa mumewe, aliyekoroma hata kanisani. Gere yake ilikuwa kwenye kiti. Katika harusi za Strandvoll mpambaji hukaa mkono wa kushoto wa bibi harusi siku zote tatu, maana taji haliachwi peke yake. Anakula kinacholiwa na bibi harusi, anapigiwa fidla, anatajwa na mchungaji katika hotuba. Wanawake humnong'oneza, "Umemfanya malaika," naye hujibu, "Aa, uso ulikuwa wake."

"Aa, uso ulikuwa wake." Herborg aliisikia kauli hiyo miaka kumi na tisa, akiwa jikoni, mwiko mkononi, akikoroga uji wa malai kwa ajili ya wageni mia. Aliisikia mpaka akawa anaisema yeye kwanza, kwa sauti ya chini, kabla Synneva hajafungua mdomo. Guri, jirani yake, aliyekuwa akipepeta unga kando yake, alikuwa anacheka mpaka machozi yanamtoka.

"We Herborg, wivu utakuua."

"Si wivu. Tazama ule utepe. Ameufunga chini mno. Yule msichana hawezi kugeuza shingo."

"Mbona anageuza?"

"Anageuza kwa maumivu."

Hakuwa mwongo katika hilo. Synneva alipamba vizuri kwa nje, lakini hakujua kushika. Mara mbili taji lilimlegea mtu katika ngoma ya tatu. Herborg alikuwa anasimama mlangoni, mikono imejaa masufuria, vidole vinamcheza vyenyewe, kama vya mtu anayeangalia mwenzake akishona vibaya. Akirudi nyumbani alimsuka Gyrid. Alimsuka siku za kazi, siku za mvua, akiwa na miaka minne, saba, kumi na mitano, nywele zinabana mpaka kipaji kinang'aa.

"Mama, mimi siendi popote," mtoto alilalamika.

"Utakwenda," Herborg alisema.

*

Mwezi wa kumi na moja wa mwaka 1905, katika Norwei ya hadithi hii, wanaume walikwenda kupiga kura. Muungano na Waswidi ulikuwa umevunjika tangu kiangazi, na swali lilikuwa kama nchi itafute mfalme wake au ikae bila mfalme. Mons alikwenda amevaa koti lake la kanisani, akarudi na theluji mabegani.

"Nimepiga hapana," akasema.

"Hapana ya nini?" Herborg akauliza.

"Ya mfalme. Mchungaji tunaye, mwalimu tunaye, shemeji yangu Synneva tunaye. Wakubwa wanatosha."

Kura zilipohesabiwa nchi nzima, hapana zikazidi. Yule mwana wa mfalme wa Denmark aliyekuwa akingojewa alibaki kwao na mizigo yake, na Norwei ikawa jamhuri. Strandvoll hapakubadilika sana. Kondoo waliendelea kuugua kwato. Lakini Anfinn, mwalimu wa shule, aliyetoka Bergen na aliyevaa kola ngumu hata akichimba viazi, alichaguliwa kuwa mwenyekiti wa kamati ya jamhuri ya usharika, na tangu siku hiyo hakulala vizuri mpaka alipokuwa ameona taji mahali fulani akalitoa.

Alianza na picha ya mfalme darasani, ikabaki alama nyeupe ukutani iliyoonekana zaidi kuliko picha. Akaenda kwenye sanduku la posta na patasi, akalichokoa taji lililochongwa juu yake mpaka mvua ikawa inaingia na barua zinasomeka kwa taabu. Vijana wakamfuata na karata mkononi.

"Mwalimu, mzee mfalme tumfanyeje? Bado anamla jeki?"

"Mwiteni rais," Anfinn akasema, bila kucheka.

"Na malkia?"

"Mwiteni mke wa rais. Nendeni zenu."

Mwezi wa nne, Jumapili moja baada ya ibada, alipanda juu ya jiwe la matangazo kwenye kilima cha kanisa, mahali ambapo usharika husomewa habari zake, za ng'ombe waliopotea na za sheria za nchi kwa sauti ile ile. Akasoma waraka. Kila chombo cha umma chenye alama ya taji kifutwe alama hiyo. Akaongeza maneno yake mwenyewe, kwamba Strandvoll isingoje kusukumwa, na kwamba kila mtu mwenye kitu chenye taji, cha umma au cha nyumbani, akifikishe shuleni kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Yohana, mwishoni mwa mwezi wa sita.

Watu wakapeleka vifungo vya koti la askari, sahani iliyopasuka, makopo ya tumbaku. Lile taji la fedha lililokaa sandukuni kwa Synneva halikumjia mtu akilini. Kwao halikuwa la mfalme yeyote. Lilikuwa taji, basi, kama mlima ulivyo mlima.

*

Gyrid alikuwa na miaka ishirini. Alichumbiwa na Eiliv, kijana wa ng'ambo ya ghuba, mpole, mwenye mama mkali. Harusi ikapangwa Jumamosi kabla ya Mtakatifu Yohana. Msichana alikuwa amejitunza, na kila mtu alijua, maana mama yake hakumpa nafasi ya kufanya vinginevyo. Aliota taji lile kama wengine wanavyoota chakula. Alimwambia baba yake, hakumwambia mama, kwamba siku hiyo angependa watu wavisikie vile vijani vya fedha vikilia kutoka nyumba ya Herborg, ili wanyamaze.

Mwezi wa tano matofaa yakachanua, na Synneva akaja kupima kichwa. Alikuja na ile kamba nyekundu. Akapewa kahawa katika kikombe kizuri, akaivuta kupitia kipande cha sukari alichokibana menoni, akamzunguka Gyrid kama mtu anayenunua ndama.

"Kichwa kidogo," akasema. "Kama changu. Chako dada kilikuwa kikubwa."

"Unakikumbuka?" Herborg akauliza.

"Mama alikuwa anasema."

Gyrid akatazama dirishani. Herborg alikuwa amejiandaa wiki nzima, ameyapanga maneno kama kuni, na sasa yote yakamwanguka mguuni. Akayasema yaliyobaki.

"Synneva, nina ombi. Taji ni lako, sikatai. Kiti pia kaa wewe. Lakini siku hiyo niachie nywele. Niachie nimsuke na nimvike mimi. Ni mwanangu."

Synneva akaweka kikombe chini polepole.

"Dada, mpambaji ni mmoja. Ukianza kumwachia kila mama ashike, kesho Guri naye atataka. Na wewe mwenyewe unajua." Akainama kuchukua kamba. "Wanasema mkono ambao haukuvishwa hauvishi. Desturi hiyo sikuiweka mimi."

"Hukuiweka wewe?"

"Usinikazie macho hivyo, utamtisha bibi harusi. Tumshukuru Mungu tu kwamba huyu hana doa."

Gyrid akageuka kutoka dirishani. Herborg akainuka, akachukua kikombe kizuri kikiwa na kahawa nusu, akaimwaga kwenye ndoo ya nguruwe.

"Huyu hana doa," alimwambia Guri baadaye. "Umesikia? Huyu! Kwa hiyo yupo mwenye doa."

"Mwache, shoga. Mtoto atavaa, utashangilia, yataisha."

"Yataisha vipi? Mimi nitakuwa jikoni, na yeye vidole vyake viko kwenye nywele nilizozisuka miaka ishirini. Halafu waje wamwambie, umemfanya malaika. Na yeye aseme..."

"Aa, uso ulikuwa wake," Guri akamalizia. Safari hii hakuna aliyecheka.

*

Jumatatu Herborg alifunga jibini la kahawia kwenye kitambaa, akaenda shuleni. Anfinn alikuwa anasahihisha madaftari.

"Mwalimu, lile tangazo lako linahusu mataji?"

"Linahusu."

"Yote?"

"Mama Herborg, jamhuri haijui taji dogo wala kubwa."

"Basi kwa Synneva liko moja. Si picha, si kifungo. Taji lenyewe, la fedha."

Anfinn akabaki na kalamu hewani. Alikuwa amekula chakula cha harusi thelathini mbele ya taji lile, na sura yake ikawa ya mtu aliyetafuta miwani nyumba nzima kumbe imo usoni.

"Lile ni la maharusi," akasema kwanza.

"Ni taji au si taji?"

"Ni taji."

"Na kila mwali anayelivaa, anaitwa nani siku hiyo? Si tunamwita malkia wa siku tatu?"

Mwalimu aliweka kalamu chini. Kwa kweli hakuhitaji kusukumwa sana. Mtu akiwa na patasi mkononi haachi kutafuta mbao. Jumatano alikwenda kwa Synneva na wanakamati wawili, na Synneva, aliyezoea kufunguliwa milango, akafunguliwa sanduku lake mwenyewe mbele ya macho yake. Alipiga kelele mpaka mumewe akaamka. Taji likabebwa likafungiwa kwenye kabati la shule, pamoja na makopo ya tumbaku na picha ya mfalme.

Herborg alilisikia jambo hilo akiwa anakamua. Maziwa yalitoka vizuri siku hiyo. Aliimba.

Aliimba mpaka jioni alipomkuta Gyrid amekaa kwenye ngazi za ghala, mikono kapakata.

"Mama yake Eiliv ameleta maneno," msichana akasema. "Anasema pole kwa taji. Anasema pengine ni heri hivi. Anasema kwetu labda tumezoea kitambaa."

Herborg akasimama na ndoo.

"Nimekaa miaka ishirini nikibana magoti ili nikavae kitambaa, mama?"

Gyrid hakujua ni nani aliyelipeleka neno shuleni. Hakuna aliyejua isipokuwa Anfinn, na Anfinn alijiona mwerevu mno kusema kwamba wazo halikuwa lake. Herborg akaingia ndani. Kuna mambo mtu huyafikiria kila upande isipokuwa upande alipokaa mwanawe. Yeye alimfikiria Synneva asubuhi, mchana na jioni, miaka kumi na tisa, mpaka hapakubaki pa mwingine.

Kesho yake alirudi shuleni bila jibini.

"Lirudishe."

"Haiwezekani. Limekwisha andikwa."

"Basi futa."

"Mama Herborg, wewe ndiye uliyekuja..."

"Najua ni mimi niliyekuja. Andika Kristiania, serikalini, uwaulize. Uwaulize wakubwa wako kama wanamwogopa msichana wa Strandvoll."

Akakaa kwenye dawati la watoto, magoti yamegusa mbao, hakuondoka mpaka Anfinn alipoandika barua na kuifunga kwa nta mbele yake.

*

Jibu lilikuja siku sita kabla ya harusi. Jumapili, baada ya ibada, Anfinn alipanda jiwe la matangazo na karatasi yenye muhuri mpya, simba bila taji. Uso wake ulikuwa mwekundu. Akasoma kwamba mataji ya maharusi si ya mfalme wala ya serikali, ni mali ya desturi ya watu, na jamhuri inayaheshimu. Taji la Strandvoll lirudishwe kwa mwenye haki nalo, na kamati iandike katika daftari jina lake na jinsi lilivyomfikia.

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Sauti moja ikaita nyuma, "Rudisha na lile la sanduku la posta!" Wanakamati wakaliweka sanduku la taji juu ya jiwe, na daftari likafunguliwa juu ya mgongo wa mtu.

"Synneva wa Lid," Anfinn akaita. "Lilikufikiaje?"

"Kwa mama," Synneva akasema, akisogea mbele na shali yake ya hariri. "Kila mtu anajua."

"Kwa sharti gani? Lazima niandike."

"Binti wa kwanza kulivaa."

"Wewe ni mdogo. Dada yako aliolewa kabla yako. Kwa nini hakulivaa yeye?"

Maskini Anfinn hakuwa na nia mbaya. Hakuzaliwa pale, aliuliza kama anavyouliza hesabu. Lakini kilima chote kikatazama ncha za viatu vyake. Swali ambalo Strandvoll ililizunguka miaka ishirini na mmoja, kama watu wanavyozunguka shimo la kisima kizee, limeulizwa na mtu mwenye kola ngumu.

Herborg akatoka kati ya wanawake.

"Mjibu," akasema. "Mimi taji silitaki. Chukua, kaa nalo, mpambe mwanangu, kaa kwenye kiti mpaka ufe. Mjibu tu. Uliona nini kule darini?"

Synneva akamtazama. Kwa muda mfupi, labda muda wa mtu kunywa funda moja, uso wake ulilegea, na Herborg akaona yule msichana wa miaka kumi na tisa mbele ya kioo, mwenye hofu. Midomo yake ikafunguka. Watu wakainama mbele kidogo.

Kisha Synneva akainyoosha shali.

"Mpeni dada," akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye lango la makaburi. "Bibi harusi ni wake. Mimi nimepamba miaka kumi na tisa, mikono imechoka. Ya zamani ya nini? Leo nchi ni mpya. Nampa kwa moyo wangu wote."

Na kilima kikapumua. Mtu akasema, "Ama huyo ndiye mtu!" Mwingine akasema, "Angalia, na alivyolipenda!" Mama yake Eiliv alijifuta macho. Mchungaji akashuka ngazi, akaushika mkono wa Synneva kwa mikono yake miwili, akamwambia kwamba hayo ndiyo aliyokuwa akiyahubiri asubuhi ile. Herborg akawekewa sanduku mikononi. Lilikuwa zito kuliko alivyolikumbuka. Watu wakampita, wakaenda kumpongeza aliyetoa.

"Umeandika nini?" Herborg akamuuliza Anfinn. Yeye alisoma herufi za kitabu cha sala tu, maandishi ya mkono hayakumwelea.

Anfinn akasoma. "Taji la harusi. Mwenyewe Herborg, mke wa Mons. Amelipata kwa ukarimu wa dada yake Synneva."

"Kwa ukarimu."

"Ndivyo ilivyokuwa, sivyo? Wote tumesikia."

*

Jumamosi Herborg alimpamba mwanawe. Alianza alfajiri. Alisuka, akabana, akafunga utepe mahali pake, juu, si chini, na alipoliweka taji halikutikisika hata Gyrid alipoinama kupita mlangoni. Vijani vya fedha vililia njia nzima kutoka ghalani mpaka mashuani, na kutoka gatini mpaka madhabahuni. Siku tatu Herborg alikaa kwenye kiti cha kushoto. Fidla ikapigwa. Alikula alichokula bibi harusi.

Hakuna aliyemwambia amemfanya malaika. Walikuwa wamejaa upande wa pili wa meza, alipokaa Synneva na bakuli lake la uji wa malai, wanamsifu moyo wake. Wanawake walimwendea wakamwinamia sikioni. "Bila wewe, Synneva, haya yote yangekuwepo?" Na Herborg akamsikia akijibu, akipangusa mdomo taratibu, "Aa, taji lilikuwa lake."

Kwa hiyo hata hilo alilichukua. Alimwachia dada yake fedha na dhahabu, akaondoka na kiti, na hakukihitaji hata kukikalia.

Siku ya tatu taji lilichezewa ngoma likavuliwa, Gyrid akafungwa kitambaa cha wake za watu, akavuka ghuba na mumewe. Herborg akalipangusa taji, akalirudisha sandukuni. Kamba nyekundu ilikuwamo. Akafunga fundo la Gyrid mwishoni. Akarudi nyuma kwa kidole, fundo kwa fundo, mpaka mahali sufu ilipochakaa kwa meno ya Durdei. Hapo hakufunga kitu. Fundo hilo halifungwi na mwenye kichwa kilichopimwa.

Basi yaliyobaki ni haya. Durdei yuko kaburini, hadaiwi tena. Wanawake wa Strandvoll waliohesabu kumi wakaomba kahawa, kila mmoja anadaiwa alichokihesabu. Herborg anamdai Synneva sentensi moja, "Nilisema uongo," isemwe mchana, juu ya jiwe la matangazo, kwa sauti ile ile iliyotoa taji. Hailipwi kwa zawadi wala kwa machozi. Na Herborg naye anadaiwa na Gyrid habari ya Jumatatu ile na jibini la kahawia. Analijua deni hilo, hulikumbuka kila mashua ya ng'ambo ikija. Atalilipa siku atakapolipwa yeye, si kabla.